Bawabu wa Milango ya Mtandao

Agosti 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, toleo la Unix lililokuja na mtandao ukiwa tayari ndani ya mfumo wenyewe. Fedha zilitoka DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kazi ilifanywa na kikundi kidogo cha watafiti kilichojulikana kama CSRG. Bill Joy, aliyekuwa mhimili wa kazi hiyo, alikwisha kuondoka mwaka 1982 kwenda Sun, kampuni iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Sam Leffler akabaki kuimalizia. Miezi michache nyuma, tarehe 1 Januari 1983, ARPANET ilikuwa imeachana na itifaki yake ya zamani na kuhamia TCP/IP. Vyuo na maabara vilikuwa na kiu ya programu za itifaki hiyo, na kanda za 4.2BSD zikavifikia wakati uleule.

Lakini kila huduma ya mtandao ilikuja na programu yake, na kila programu ilitaka kukesha. Mashine ilipowashwa, programu hizi za chinichini, ambazo watu wa Unix huziita demoni, ziliamshwa moja baada ya nyingine: ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, ya kuhamisha mafaili, ya kuendesha amri kwenye mashine ya jirani. Kila moja ilifungua soketi yake, ikashika poti yake, 21 kwa FTP, 23 kwa Telnet, 513 kwa rlogin, 514 kwa rsh, kisha ikakaa pale ikisubiri mtu abishe hodi. Nyingine zilisubiri kutwa kucha bila kubishiwa.

Kwenye simu ya leo hilo lisingemsumbua mtu. Kwenye VAX-11/780, mashine iliyotamba katika vyuo vikuu vya Marekani miaka hiyo, lilisumbua. Kumbukumbu yake ilihesabiwa kwa megabaiti chache, nazo ziligawanywa kwa watu wengi walioketi kwenye vituo vyao kwa wakati mmoja. Programu iliyolala iliweza kuhamishiwa kwenye diski, lakini haikuondoka: ilishika nafasi yake katika jedwali la michakato, ilishika nafasi yake diskini, na siku ilipohitajika ilibidi kungojea irudishwe. Mwandishi wa programu naye alikuwa na mzigo wake. Kila huduma mpya ilimlazimu kurudia hatua zilezile: fungua soketi, jifunge kwenye poti, sikiliza, pokea, jigawe, anza tena. Hatua hizo hazikuwa na uhusiano wowote na kazi yenyewe ya huduma, na ndizo zilizokuwa rahisi kukosea.

Jibu lilikuja na 4.3BSD, Juni 1986, wakati Mike Karels na Kirk McKusick ndio walioshika usukani wa CSRG. Liliitwa inetd. Wazo lake ni la bawabu: badala ya kila mkazi wa jengo kukesha nyuma ya mlango wake, mtu mmoja anakaa chini, anaangalia milango yote, na mgeni akifika ndipo anamwamsha yule anayehusika. Watu wakaizoea kwa jina la seva kuu, ingawa yenyewe ilikuwa programu ndogo mno.

Utendaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu uzuri wake umo humo. Ikiamka, inetd husoma faili moja, inetd.conf. Kila mstari ni huduma moja. Kwenye mashine nyingi za BSD ungekuta mstari kama huu:

finger stream tcp nowait nobody /usr/libexec/fingerd fingerd

Jina la huduma, aina ya soketi, itifaki, neno la kusema kama bawabu asubiri au asisubiri, mtumiaji ambaye kwa jina lake programu itaendeshwa, mahali programu ilipo, kisha maneno ya kuiita. Kwa kila mstari inetd hufungua soketi na kushika poti. Halafu hukusanya soketi zote na kuziweka mbele ya mwito mmoja wa mfumo, select, uliokuja na 4.2BSD. Maana ya select ni hii: nilaze, uniamshe mojawapo ya hizi ikipata kitu. Mchakato mmoja umelala, na milango ishirini inaangaliwa.

Ombi likifika, kiini cha mfumo humwamsha bawabu na kumwonyesha mlango. inetd hupokea muunganisho, kisha hujigawa kwa fork, ule mwito wa Unix unaozaa mchakato mpya uliofanana na mzazi wake. Mzazi hurudi kulala. Mtoto ndiye mwenye kazi: huuchukua muunganisho wa mtandao na kuupachika mahali pa namba 0, 1 na 2, yaani pale ambapo kila programu ya Unix husoma, huandika na hutolea taarifa za makosa. Huvua mamlaka ya mkuu wa mfumo na kuvaa jina la mtumiaji aliyeandikwa kwenye mstari. Mwisho huita exec, na hapo programu ya inetd ndani ya mtoto hufutika, nafasi yake ikachukuliwa na fingerd au ftpd. Mteja aliye upande wa pili hajui kwamba sekunde moja kabla mwenyeji wake hakuwepo.

Neno nowait lilifaa huduma za TCP, ambazo kila mgeni ana muunganisho wake na wengi waweza kuhudumiwa kwa pamoja. Huduma kadhaa za UDP, itifaki isiyo na miunganisho, kama tftp, ziliandikwa wait: inetd iliikabidhi programu soketi yenyewe, ikaacha kuuangalia mlango ule, na kuurudia tu ilipopata habari kwamba mtoto amemaliza.

Kwangu mimi, kumbukumbu iliyookolewa ni nusu tu ya habari. Nusu kubwa zaidi ni zile namba 0, 1 na 2. Kwa kuugeuza mtandao uonekane kama kibodi na skrini, inetd ilimwondolea mwandishi wa programu ulazima wa kujua soketi ni nini. Programu yoyote iliyosoma mstari na kujibu mstari iligeuka kuwa huduma ya mtandao kwa kuongeza mstari mmoja kwenye faili. Mwanafunzi aliyejua kuandika hati ya amri za ganda, mistari mitano tu, aliweza kuihudumia dunia. Sidhani kama kuna kifaa kingine cha miaka ile kilichowashushia watu kizingiti cha mtandao kwa kiasi hicho.

Baadhi ya huduma zilikuwa ndogo kiasi kwamba inetd ilizitekeleza yenyewe bila kuamsha mtu. Zilikuwa zimeainishwa na Jon Postel, Mei 1983, katika nyaraka fupi zilizopangana kwa namba: echo ya poti 7 iliyorudisha kila ulichotuma, discard ya poti 9 iliyopokea na kutupa, chargen ya poti 19 iliyomwaga herufi bila kukoma, daytime iliyotoa saa kwa maandishi, na time iliyotoa idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1900. Zilikuwa zana za kupimia, na ziliachwa wazi karibu kila mahali, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mtu angeweza kudhurika kwa mwangwi.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 ulionyesha gharama ya urahisi huo. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia kutoka mashine ya MIT programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ilikuwa na njia kadhaa za kuingilia. Moja ilipitia sendmail, programu ya barua, iliyokuwa na mlango wake yenyewe. Lakini nyingine, zile za rsh, rexec na finger, zilipita kwenye milango iliyoshikwa na inetd, na ile ya finger ndiyo inayonigusa hapa.

Programu ya fingerd ilikuwa na kazi nyepesi: kusoma mstari mmoja wenye jina la mtumiaji na kueleza ni nani na kama yumo. Kwa kuwa inetd ilishaugeuza mtandao kuwa kama kibodi, mwandishi alisoma mstari ule kwa gets, kitendakazi cha lugha ya C kilichozoeleka kusomea kibodi. Akatenga bafa ya baiti 512. Na gets haiulizi bafa ina ukubwa gani; inasoma mpaka mstari uishe. Mtu anayeandika jina la mwenzake hawezi kufikisha herufi 512. Mnyoo wa Morris ulituma baiti 536. Zile za ziada zilifurika, zikaandika juu ya anwani ambayo programu ilipaswa kurudia baada ya kusoma, na badala ya kurudi nyumbani fingerd ikaanza kutekeleza maagizo ya mgeni. Kwenye VAX hila hiyo ilifaulu. Kwenye mashine za Sun, ambazo maagizo yale hayakuwa ya lugha yao, fingerd ilianguka tu.

Makadirio yaliyosambaa yalisema mashine zipatazo 6,000 ziliambukizwa, wakati intaneti nzima ilikisiwa kuwa na mashine 60,000. Mwezi uleule Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilikabidhiwa kituo cha kuratibu dharura za namna hiyo, CERT. Morris alihukumiwa mwaka 1990: miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Kwa fingerd, tiba ilikuwa kuiweka fgets mahali pa gets. Jambo zito lilibaki pale pale: maelfu ya programu zilizoandikwa kwa kudhani msemaji ni mtu aliyeketi kwenye kibodi zilikuwa sasa zinasemeshwa na yeyote mwenye waya.

Uholanzi, mwaka 1990, mtu mwingine alikuwa na taabu ya aina hiyo. Wietse Venema alisimamia mashine za Unix katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, na mdukuzi mmoja alikuwa akiingia mara kwa mara, akijipatia mamlaka ya mkuu wa mfumo, kisha akifuta diski nzima. Pamoja na mafaili zilifutika alama zote za nyayo zake. Kilichojulikana ni kwamba alikuwa akiwachungulia kwa finger, na finger haikuandika popote ni nani aliyeuliza.

Ufumbuzi wa Venema ulikuwa wa werevu wa kupendeza. Hakugusa inetd, na hakugusa fingerd. Aliihamisha fingerd halisi mahali pengine, akaiweka programu yake ndogo katika nafasi ile, kwa jina lilelile. Mgeni alipofika, inetd iliamsha programu hiyo ikidhani ni fingerd. Nayo iliuliza muunganisho umetoka wapi, ikaandika anwani kwenye daftari la matukio, kisha ikaita exec na kuipisha fingerd ya kweli. Haikubakiza chochote nyuma yake, haikuongeza uzito kwenye mazungumzo, na haikuhitaji kuielewa huduma yenyewe, kwa hiyo iliweza kusimama mbele ya telnet au ftp vilevile. Baadaye aliiongezea mafaili mawili, hosts.allow na hosts.deny, ya kusema nani apite na nani arudishwe, na mwaka 1992 akaieleza mbele ya wenzake katika kongamano la usalama la USENIX. TCP Wrapper ikaenea kila mahali. Bila muundo wa inetd hila hiyo isingewezekana: kwa kuwa kusikiliza kulikwisha kutengwa na kutenda kazi, palikuwa na nafasi katikati ya kumweka mlinzi.

Mwaka huohuo wa 1992 Panagiotis Tsirigotis aliandika xinetd, bawabu mpya aliyebeba masharti hayo ndani yake: saa za kufungua, idadi ya wageni kwa wakati mmoja, anwani zinazokubalika. Red Hat Linux iliichukua katika toleo la 7 mwaka 2000.

Hata hivyo, matatizo yalikuwa yameshaanza kuja kutoka pande mbili. Upande mmoja ni wingi. Katika msimbo wa inetd wa BSD kulikuwa na kinga dhidi ya huduma mbovu inayokufa na kuitwa upya bila mwisho: ikiitwa mara 40 ndani ya sekunde 60, bawabu aliufunga mlango ule kwa dakika 10. Nia ilikuwa njema, lakini iliwapa wakorofi njia rahisi: bisha hodi mara 40 upesi, na huduma ya wote imezimwa. Tarehe 8 Februari 1996 CERT ilitoa tahadhari kuhusu zile huduma za Postel. Mtu alituma pakiti moja ya UDP yenye anwani ya uongo, ikionekana imetoka poti ya chargen ya mashine moja kwenda poti ya echo ya nyingine, na mashine hizo zikaanza kurushiana data zenyewe kwa zenyewe mpaka mtandao uzibe. Wasimamizi wa mifumo wakawa na desturi mpya kila walipopokea mashine: kufungua inetd.conf, kuweka alama ya reli mwanzoni mwa mistari, na kuitumia inetd ishara ya HUP isome upya. Wengi hawakuacha hata mstari mmoja.

Upande wa pili ni kasi. Wavuti ilipofika, ukurasa wenye picha kumi ulileta miunganisho kumi na moja kwa itifaki ya HTTP/1.0, na kuzaa mchakato mpya kwa kila picha kulikuwa kujichosha bure. Apache ya kwanza ilikuwa na agizo la ServerType, uchague iendeshwe na inetd au isimame peke yake, lakini Apache 2.0 ililiondoa. SSH ya Tatu Ylönen, iliyotoka Helsinki mwaka 1995, ilikuwa na sababu yake ya kumkwepa bawabu: seva ilitengeneza ufunguo wa muda ilipoanza, kazi iliyoweza kuchukua makumi ya sekunde, na hakuna mteja wa kuvumilia hayo kila anapoingia.

Venema mwenyewe hakuliacha wazo hilo. Postfix, programu ya barua aliyoitoa Desemba 1998, ina mchakato mmoja wa kudumu uitwao master, unaosoma faili lenye mistari inayofanana sana na ya inetd.conf na kuamsha wafanyakazi wadogo kadiri wanavyohitajika. Tofauti ni kwamba mfanyakazi hafi baada ya mgeni mmoja. Kwa kawaida huhudumia hadi 100, au huondoka akikaa sekunde 100 bila kazi. Gharama ya kuzaa ikagawanyika, na mashine haikujaa programu zilizolala. Naiona kuwa suluhisho la busara kuliko yote ya miaka ile, na halitajwi inavyostahili.

Kufikia mwaka 2000 na kitu kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei, na inetd ikaonekana kitu cha wazee. Ikarudi kwa mlango ambao haukutazamiwa. Aprili 2005 Apple ilitoa Mac OS X 10.4 ikiwa na launchd, kazi ya Dave Zarzycki, mchakato wa kwanza kabisa kuamka katika mashine, uliochukua nafasi ya init, cron na inetd kwa pamoja. launchd hiyohiyo imo ndani ya iPhone.

Hoja sasa ilikuwa kasi ya kuwaka. Mashine ikiwaka, huduma hutegemeana: nyingi zinamtaka mwandishi wa daftari la matukio awe macho kwanza, kwa hiyo zinangoja foleni. Lakini kinachongojewa hasa ni soketi yake iwepo. launchd hufungua soketi zote mapema, kisha huamsha huduma pale zinapohitajika. Anayetuma ujumbe kabla mpokeaji hajaamka hapati kosa. Kiini cha mfumo huuhifadhi ujumbe ule kwenye bafa ya soketi hadi mwenyewe afike. Mpangilio wa nani atangulie nani, ambao wasimamizi waliuandika kwa mkono kwa miaka, ukajipanga wenyewe.

Tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering alichapisha makala marefu ya kueleza systemd, aliyoijenga akiwa pamoja na Kay Sievers, na humo aliwataja wazi wazazi wa wazo lake: inetd na launchd. Mei 2011 Fedora 15 ikawa ya kwanza kati ya Linux kubwa kuianza mashine kwa systemd. Humo huduma hupewa soketi kuanzia namba 3, kwa kuwa 0, 1 na 2 zina wenyewe, pamoja na tamko la mazingira, LISTEN_FDS, la kuiambia zimo ngapi. Njia ya kale ya mchakato mmoja kwa kila mgeni haikuondolewa; mstari wa Accept=yes unairudisha.

Oktoba 2022 Ubuntu 22.10 ilimpa bawabu hata ile programu iliyokuwa ikimkwepa. Toleo la kwanza la itifaki ya SSH lilikuwa limeondolewa kwenye seva ya OpenSSH tangu mwishoni mwa 2016, na pamoja nalo ule ufunguo wa kungojewa. Sasa systemd ndiyo hushika poti 22, na sshd huamshwa na mgeni wa kwanza, kisha hubaki. Sababu iliyotolewa na Ubuntu ingeeleweka vizuri Berkeley ya 1986: kila mashine inaokoa angalau megabaiti 3 za kumbukumbu, na penye mamia ya mashine za kufikirika ndani ya kompyuta moja, megabaiti 3 hazidharauliki.

Wasimamizi wengi walilijua badiliko hilo kwa kushangaa. Walifungua sshd_config kama walivyozoea, wakabadilisha namba ya Port, wakaianzisha upya sshd, na mlango ukabaki 22, kwa sababu aliyeshika mlango alikuwa mwingine na hakusoma faili lile. Ilibidi mabadiliko yaandikwe kwenye ssh.socket. Ubuntu 24.04 ililirekebisha hilo Aprili 2024: systemd ikapewa kipande kinachosoma Port na ListenAddress ndani ya sshd_config na kuzihamishia kwenye soketi, na msimamizi akishabadilisha namba huiambia systemd isome upya, kisha huianzisha upya ssh.socket.